Fabrice Muamba: mpira uliisha, maisha yakabaki

Ndugu waliorudi Kalengera, na nyinyi mulio bado Goma,

Vijana wetu wanacheza mpira kila jioni, na wazazi wengi wameweka tumaini lote kwenye mguu wa mtoto mmoja. Wanasema: "Huyu ndiye atatutoa." Juu ya hiyo tunaleta hapa historia ya mtoto wa Kongo mwenye alifika mbali, kisha mwili ukamkatalia.

Fabrice Muamba alizaliwa Kinshasa tarehe 6 Aprili 1988. Mwaka 1994 baba yake alikimbia nchi juu ya siasa, akafika Uingereza. Mtoto alimfuata mwaka 1999, akiwa na miaka 11, bila kujua Kiingereza. Sisi wenye tuliishi Kanyaruchinya ao Bulengo tunajua vile mtoto anaingia shule mpya katikati ya watoto wenye hawamjui.

Arsenal walimchukua katika shule yao ya vijana mwaka 2002. Akapita Birmingham, na mwaka 2008 akaenda Bolton. Alivaa jezi ya Uingereza ya vijana wa chini ya miaka 21 mara 33. Wengi waliona kwamba bado atapanda.

Tarehe 17 Machi 2012 Bolton walicheza na Tottenham kule London, robo fainali ya Kombe la FA. Mbele ya mapumziko, Muamba alianguka peke yake. Hakuna mtu aliyemgusa. Moyo ulikuwa umesimama, naye alikuwa na miaka 23. Waganga wa kiwanjani wakakimbia. Andrew Deaner, munganga wa moyo mwenye alikuja tu kutazama mpira, akashuka toka kwa watazamaji kuwasaidia. Walisukuma kifua bila kuacha, na mashine ya kushtua moyo ilitumiwa mara 15. Moyo ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Hiyo ni karibu mechi nzima.

Akapona. Kisha mwezi mmoja akatoka hospitali. Lakini mwezi wa 8 mwaka ule ule, kwa shauri la waganga, aliacha mpira. Alikuwa na miaka 24.

Watu wengi walisema ni Mungu. Na sisi tunasema ni Mungu, lakini Mungu alitumia mikono yenye ilikuwa tayari. Tukumbuke Marc-Vivien Foé wa Kameruni: tarehe 26 Juni 2003 alianguka sawa vile katika kiwanja cha Lyon, akafa siku ile ile, na miaka 28. Kifo chake ni kimoja ya vile vilisukuma wakubwa wa mpira wapime mioyo ya wachezaji na kutayarisha msaada kando ya kiwanja. Muamba alikuta njia yenye wengine walilipia na uhai wao.

Kitu cha pili: Muamba alipokuwa anatafuta nafasi Arsenal, hakutupa masomo. Mpira ulipoisha, alirudi shuleni, na mwaka 2015 akapata digrii ya uandishi wa habari za michezo katika Chuo Kikuu cha Staffordshire. Kama angekuwa na mguu tu, angebaki na nini?

Huku kwetu mashine ile hatuna, na barabara ya kufika hospitali inajulikana. Mikono tunayo. Mtu mzima akianguka ghafla, haamki na hapumui vizuri, musimwangie maji, musimtie kitu mdomoni. Mumlaze chali. Mmoja aweke mikono miwili katikati ya kifua, asukume kwa nguvu, kifua kishuke kama sentimita 5, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Akichoka, mwingine apokee. Wengine waite muuguzi na kutafuta pikipiki ao gari.

Tunaomba komite ya shirika letu ipokee mambo mawili. Kila ekipe iwe na watu wawili wenye wamefundishwa kazi hii na muuguzi mbele ya mechi ijayo. Na mtoto yeyote mwenye anachezea ekipe asiondolewe shule juu ya mazoezi. Goti linaweza kuvunjika, moyo unaweza kusimama, na wakati huo kijana atauliza kama tulimwandalia kitu kingine.