Fonti za Kesho Zina Umri wa Babu Yako

Wasee, leo naanza na kosa langu. Mwaka jana mama mmoja anayeuza vifaa vya simu karibu na soko la Gakoromone alinipa kazi: bango jipya na stika ya till namba. "Kijana wangu, nataka ikae ya kisasa," akasema. Mimi kusikia kisasa, nikaona roketi. Nikachukua fonti ya bure, zile herufi pana za mraba zenye kona za mviringo, nikaandika kila kitu nayo: jina, huduma, namba. Kwa laptop ilikuwa moto.

Wiki ya pili akanipigia. Till yake ilikuwa inaishia na 86, na kwa fonti ile 8 na 6 ni visanduku viwili vinavyofanana kama mapacha. Mteja alisimama mita mbili hivi, akabonyeza 88, hakuangalia jina lililotokea, akatuma 450 kwa mtu mwingine kabisa. Mama kuja kushtuka meseji haijaingia, mteja ashatoka na chaja. Hiyo 450 nililipa mimi, na stika nikachapisha upya kwa pesa yangu.

Baada ya hapo nikaingia kwenye historia, nijue hizi fonti zilitoka wapi. Nilichopata ni kwamba hii "future" tunayoibandika kila mahali ni ya zamani sana. Mwaka 1952, kiwanda cha herufi cha Nebiolo, mjini Torino, Italia, kilitoa Microgramma, kazi ya Alessandro Butti na Aldo Novarese. Angalia O yake: si duara, ni kama kioo cha TV za kitambo. Na ilikuwa na herufi kubwa pekee. Ndogo zilikuja 1962, Novarese alipotoa Eurostile. Mwaka 1968 filamu ya 2001: A Space Odyssey ikatumia Eurostile, na tangu hapo sinema za anga hazijaiacha. Ukienda Google Fonts uchukue Michroma, unachukua mjukuu wa 1952.

Na usidhani hayo mambo ya anga yalikuwa ya Wazungu huko mbali. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, setilaiti ya NASA ilirushwa siku ya sherehe zetu za uhuru. Ikapewa jina Uhuru. Kwa hivyo dizaina wa Meru akitaka kuchora kesho, ana haki kama yeyote. Swali ni anaichora aje.

Hapa ndipo NASA wanatufunza. Mwaka 1975 Richard Danne na Bruce Blackburn waliwachorea ile logo nyekundu inayoitwa mnyoo, ambayo A zake mbili hazina mstari wa katikati. Ilitolewa 1992, ikarudi 2020. Lakini jiulize kwa nini A isiyo na mstari ilisomeka. Ni herufi nne tu, na ni jina ambalo dunia nzima ilishalijua. Halafu kwa maandishi mengine, mwongozo wao haukuendeleza mnyoo kila mahali. Herufi yao kuu ya kazi ikawa Helvetica, fonti ya Uswisi ya 1957, tulivu kama mwalimu mkuu. Hata kile kibao Apollo 11 ilichoacha mwezini 1969 kiliandikwa kwa Futura, fonti ya Mjerumani Paul Renner ya 1927. Watu waliofika mwezini kweli walichagua herufi inayosomeka!

Na si lazima uende mwezini kuona hii kanuni. Simama stejini uangalie nganya ya Nairobi. Ubavuni jina limepindwa, limewaka, lina miali, unahitaji dakika nzima kulisoma. Lakini namba ya ruti mbele, kama 125 ya Rongai, inasomeka ukiwa unakimbia. Msee wa matatu anajua: jina ni la kupendwa, namba ni ya kupandwa. Mimi ndiye sikujua.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Fonti ya kesho ni pilipili. Iweke kwenye jina tu, jina fupi, kubwa, na uache nafasi kati ya herufi. Kila kitu ambacho mtu anakitegemea kutoa pesa au kufika mahali, yaani bei, simu, till, mahali duka lilipo, kiandike kwa fonti ya kawaida. Na usioanishe fonti mbili za roketi, zitapigana. Moja ikipiga kelele, nyingine inyamaze.

Kabla hujamwonyesha mteja, fanya majaribio mawili. Kwanza, andika 0 O, 8 B, 5 S, 6 8, chapisha kwa saizi ya stika, bandika ukutani, rudi nyuma hatua tano. Ukibahatisha hata moja, hiyo fonti isiguse namba. Pili, andika ĩ na ũ. Kĩmĩrũ kinazihitaji, na fonti nyingi za mapambo hazina. Utaona programu imechomeka herufi ya fonti nyingine katikati ya jina la mtu, au imeacha kisanduku kitupu. Kesho ambayo haiwezi kuandika jina la nyanya yako si kesho yako.

Bango la yule mama bado liko. Jina lina zile herufi pana za Torino, na kusema ukweli linapendeza. Chini yake till namba imekaa kwa fonti ya kawaida, nene, nyeusi kwa nyeupe. Juzi nilipita nikanunua earphones. Nililipa nikiwa ng'ambo ya barabara, ndiyo nione kama naweza. Niliweza.