Ifahamu Tiba ya Kuyeyusha Damu Iliyoganda kwenye Ateri za Miguu

Mguu unaoanza kuuma ghafla, ukapauka, ukawa wa baridi na kufa ganzi ni dharura ya saa chache, wala haupaswi kusubiri kupambazuke. Dalili hizo huashiria kuwa ateri inayopeleka damu mguuni imezibwa na bonge la damu. Aghalabu bonge hilo husafiri kutoka kwenye moyo unaopiga bila mpangilio, au hujijenga mahali ambapo mshipa ulikwishakuwa mwembamba kutokana na mafuta, uvutaji wa sigara au kisukari. Misuli ikikosa damu kwa takribani saa 6, huanza kuharibika kiasi cha kutorejea hali yake.

Mojawapo ya tiba ni dawa ya kuyeyusha bonge. Mgonjwa hupewa kwanza heparini ili bonge lisiendelee kukua. Kisha daktari, akiongozwa na picha za eksirei, hupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa kinenani hadi ncha yake izame ndani ya bonge lenyewe. Dawa kama alteplesi hutiririshwa taratibu, mara nyingi kwa saa 24 au zaidi, huku picha zikirudiwa. Charles Dotter na wenzake nchini Marekani waliieleza njia hii mwaka 1974, wakitumia streptokinesi kwa kiwango kidogo. Mshipa ukizibuka, picha huonesha pia sehemu iliyokuwa nyembamba, nayo huweza kupanuliwa kwa puto.

Hatari kubwa ni kuvuja damu. Katika utafiti wa TOPAS uliochapishwa mwaka 1998, asilimia 12.5 ya waliopewa urokinesi walivuja damu nyingi, ikilinganishwa na asilimia 5.5 ya waliofanyiwa upasuaji. Wagonjwa 4 wa kundi la dawa walivuja damu kichwani. Hata hivyo, baada ya miezi 6, waliokuwa hai bila kukatwa mguu walikaribiana: asilimia 71.8 na 74.8. Ndiyo maana aliyepata kiharusi au upasuaji mkubwa hivi karibuni kwa kawaida hapewi dawa hizi.

Utafiti wa STILE wa mwaka 1994 ulionesha kuwa dawa hufaa zaidi tatizo likiwa halijapita siku 14; baada ya hapo upasuaji huwa na matokeo bora. Mguu ulioanza kupooza hauwezi kungoja dawa ya siku nzima, hivyo mgonjwa hupelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji.

Kuukanda mguu huo kwa maji ya moto nyumbani hakuzibui mshipa, na ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mgonjwa kuhisi.