Mavuno ya Shamba la Shule Yalikwenda Wapi?

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, siku ya mtoto aliyekombolewa utumwani iligawanywa mafungu mawili: saa za darasani na saa za shambani. Misheni ilikuwa na vinywa vingi vya kulisha, na mashamba yake ndiyo yaliyobeba mzigo huo. Kimbunga cha Aprili 1872 kilipovunja majengo na kung'oa minazi pande zote mbili za mlango wa bahari unaotenganisha Bagamoyo na Unguja, kazi ilianza upya, na watoto walikuwa miongoni mwa walioshika jembe. Tangu hapo shule na shamba havijaachana katika Afrika Mashariki. Kilichobadilika kila kizazi ni jibu la swali moja: anayelima ndiye anayekula?

Shule haikuanzisha elimu ya chakula. Mtoto wa miaka sita alikaa dunguni akiamia ndege wasimalize mtama, na katika kukaa huko alijifunza majira, wadudu na subira. Alijua mnafu na mlenda huchumwa wapi baada ya mvua za kwanza. Mahali palipolimwa muhogo mchungu, binti alifundishwa kuuvundika au kuukausha makopa kwa muda wake kamili, kwa sababu kosa katika jambo hilo liliweza kuua. Elimu hiyo haikuwa na ubao wala cheti, lakini ilikuwa nzima: kupanda, kuvuna, kuhifadhi, kupika na kula vilikuwa kitu kimoja, na mwalimu alikula chungu kimoja na mwanafunzi wake.

Serikali za kikoloni zilipokuja kulipa suala hili uzito, zilianzia kwingine. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, chini ya Thomas Jesse Jones, ilizunguka Afrika Mashariki ikikagua shule. Ndani yake alikuwamo James Aggrey, msomi mzaliwa wa Gold Coast, nchi tunayoiita Ghana leo. Tume ilivutiwa na shule za watu weusi wa kusini mwa Marekani, hasa Tuskegee ya Booker T. Washington, ambako kazi za mikono na kilimo vilipewa nafasi kubwa. Ripoti yake ilipendekeza elimu ya Mwafrika iegemee maisha ya kijijini: afya, nyumba, udongo. Mwaka uliofuata London ilitoa waraka wa sera ya elimu uliofuata mkondo huohuo.

Mwaka huo huo wa 1925 ilifunguliwa Jeanes School huko Kabete, karibu na Nairobi, ikibeba jina la Anna Jeanes wa Philadelphia, mwanamke wa dhehebu la Quaker aliyetoa mali yake kwa ajili ya shule za vijijini. Mkuu wake wa kwanza, James Dougall, alikuwa amesafiri na ile tume akiwa katibu wake. Jambo linalonivutia Kabete ni kwamba walimu walikuja na wake zao. Familia iliishi katika nyumba yake ndani ya eneo la shule, mume akifundishwa namna ya kuzisaidia shule za vijijini, mke akifundishwa malezi, usafi na mapishi. Nia ya watawala tunaijua: walitaka mwanakijiji mtulivu atakayebaki kijijini. Hata hivyo, utaratibu wenyewe ulikuwa na akili, kwa kuwa uliweka mafunzo ya chakula mahali chakula kinapoliwa. Leo eneo hilo la Kabete ni chuo cha watumishi wa serikali ya Kenya.

Sayansi ya lishe nayo ilikuwa njiani. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha utafiti wao uliowalinganisha Wakikuyu na Wamaasai: wa kwanza wakiishi zaidi kwa nafaka, mizizi na kunde, wa pili kwa maziwa, nyama na damu. Walikuta tofauti kubwa za urefu, uzito na nguvu, wakazihusisha na mlo. Utafiti huo umekosolewa sana baadaye, na kwa haki, maana mkoloni alipata njia ya kuzungumzia mlo wa Mwafrika bila kuzungumzia ardhi aliyonyang'anywa. Lakini ulisaidia kuifanya lishe kuwa jambo la serikali. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, London ilikuwa imeunda kamati ya lishe ya makoloni yake yote. Boyd Orr mwenyewe alikuja kuwa mkuu wa kwanza wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Elimu ya kilimo na lishe ilipoingia darasani, iligawanywa kwa jinsia. Wavulana walipewa jembe, wasichana sindano na sufuria. Huko Unguja, shule ya serikali ya wasichana iliyofunguliwa mwaka 1927 ilifundisha kazi za nyumbani pamoja na dini na kusoma, na hilo liliwatuliza wazazi waliohofia binti kutoka nje. Mgawanyo huu umedumu kuliko dola iliyouleta. Kizazi baada ya kizazi, mvulana alijua nafasi kati ya shimo na shimo la mahindi bila kujua mtoto mchanga anahitaji nini zaidi ya uji mtupu. Na msichana alisoma sayansi kimu, mara nyingi kwa mapishi yaliyotaka tanuri, siagi na unga wa ngano, vitu ambavyo jikoni kwa mama yake havikuwapo. Bustani na jiko vilikuwa ndani ya uzio mmoja bila kujuana.

Wananchi nao hawakuipokea elimu ya jembe kwa furaha. Nyakato, karibu na Bukoba, serikali ilipogeuza shule kuwa ya kilimo katika miaka ya 1930, Wahaya, wenyeji wa huko, waliipinga. Miaka ya 1950 Tanganyika ilipoanzisha shule za kati, darasa la tano hadi la nane, zenye mwelekeo wa kilimo, malalamiko yalirudi palepale. Wazazi hawakudharau kilimo, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wakulima, na wengine hodari wa kahawa na pamba. Waliona tu kwamba watoto wa Kizungu hawakushikishwa jembe shuleni, na kwamba milango ya ofisi ilifunguliwa kwa kalamu. Hesabu yao ilikuwa sahihi.

Ndiyo maana Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alikuwa na kazi ngumu alipotoa kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea. Alikuwa anarudisha jembe ambalo wananchi walikwisha kulikataa mikononi mwa mkoloni. Hoja yake ilianzia kwenye idadi: ni kama asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi waliokuwa wakipata nafasi ya sekondari, na shule nzima ilikuwa inaendeshwa kwa ajili ya hao wachache. Alitaka kila shule iwe jumuiya inayojilisha. Shamba halikukusudiwa kuwa pambo la shule. Lilikusudiwa kutoa chakula wanachokula wanafunzi na walimu, ili wote waone kwa macho kwamba wakilima vizuri watakula vizuri, na wakizembea watapungukiwa. Wanafunzi washiriki kupanga, washiriki kuamua mapato yatumikeje. Ukisoma kijitabu hicho leo, unaona kwamba sahani ya mtoto ilikuwa ndani ya hoja tangu mwanzo.

Mfano hai ulikuwapo tayari. Litowa, katika Songea, kijiji kilichoanzishwa na vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, kilikuwa na shule ya watoto wa vijiji vilivyoungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Chini ya mwalimu mkuu Suleman Toroka, kazi ya kijiji ilikuwa sehemu ya masomo, na wanafunzi walikuwa na sauti katika kuendesha mambo yao. Mwalimu Nyerere aliijua shule hiyo. Septemba 1969 uongozi wa juu wa TANU ulikivunja chama cha Ruvuma, na shule ikapoteza umoja wa vijiji uliokuwa mgongo wake. Naamini hasara hiyo bado haijapimwa inavyostahili katika historia ya elimu yetu, maana shule nyingine ziliachiwa kijitabu bila mahali pa kwenda kujifunza.

Kilichofuata wengi wetu tunakijua kwa kifupisho cha Elimu ya Kujitegemea: kipindi cha EK, mradi wa EK, mwalimu wa EK. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilisukuma elimu ya msingi kwa wote, na shule zikatakiwa kuchangia robo ya gharama zao kwa kazi zao wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shule za msingi zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 3. Shamba lililokusudiwa kulisha sasa lilitakiwa kuleta fedha. Pamba, korosho, alizeti au magunia ya mahindi yaliuzwa, na fedha zikaingia kwenye chaki na madawati, pengine mahali pasipojulikana. Watoto waliopalilia walirudi nyumbani saa nane bila kuonja. Tena, jembe likawa adhabu: aliyechelewa, aliyepiga kelele, aliyeongea kilugha, alipimiwa kipande cha kulima. Ukimfundisha mtoto kwamba kulima ni malipo ya kosa, usishangae akikua anakimbia shamba. Kosa hili naliona zito kuliko mengine yote ya kipindi hicho.

Wakati huohuo elimu ya lishe ilikuwa inafanyika kwa ufundi mkubwa, lakini kwa watu wazima. Mwaka 1973 ilianzishwa kwa sheria Taasisi ya Chakula na Lishe, na mwaka huohuo kampeni ya Mtu ni Afya ikawakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Nyingine, Chakula ni Uhai, ikafuata mwaka 1975. Redio ilisema kijijini kile ambacho shamba la shule jirani lilipaswa kukionyesha.

Kenya ilipita njia nyingine. Mwaka 1979 Rais Moi alianzisha maziwa ya shule, yale yaliyokuja kuitwa maziwa ya Nyayo, katika pakiti za pembe tatu ambazo watu wazima wa leo bado wanazikumbuka kwa upendo. Mtoto alikunywa, hilo ni jambo kubwa, na nisingependa mtu alipuuze. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliongeza kilimo na sayansi kimu kwa vitendo. Lakini mpango wa maziwa ulitegemea hazina ya serikali na kiwanda, na fedha zilipokauka katika miaka ya 1990, ulikauka nao.

Mahali panapoonyesha gharama ya kutenganisha shamba la shule na lishe ni Iringa, Tanzania. Mwaka 1983 mkoa huo ulianza mpango mkubwa wa lishe wa WHO na UNICEF, kwa fedha za Italia, katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito, wazazi wakajadili matokeo hadharani, na utapiamlo mkali ukapungua. Hata hivyo, utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022, ambao ulikuta udumavu kwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, ulikuta asilimia 56.9 Iringa, 50.4 Njombe na 49.8 Rukwa. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi, maharage na viazi. Sababu ni nyingi: mzigo wa kazi wa mama, maji, maradhi, uji wa mahindi matupu. Lakini wazazi wa watoto hao ni wahitimu wa shule zetu, na wengi wao wamelima shamba la shule miaka saba.

Tangu elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa Tanzania mwaka 2016, suala la chakula cha mchana katika shule za kutwa limebaki mikononi mwa wazazi na kamati za shule, na penye mvutano watoto wameshinda njaa. Mwongozo wa taifa wa huduma ya chakula na lishe shuleni wa mwaka 2020 umejaribu kurudisha utaratibu. Kenya, baada ya mapitio ya mtaala wake, imeunganisha kilimo na sayansi kimu kuwa somo moja la gredi ya 4 hadi ya 6, Kilimo na Lishe, kwa wavulana na wasichana pamoja. Vitabu vyake vinamtaka mtoto apande mboga na azipike. Shule nyingi za msingi huku kwetu zina jiko moja la kuni, mpishi mmoja na sufuria kubwa ya makande. Tuta la mchicha likichimbwa hatua ishirini kutoka hapo, na mboga zake zikiingia katika sufuria hiyo badala ya kuuzwa, somo limekwisha kuanza.