Voyager 1 iko wapi saa hii? Hivi ndio chombo ambacho hakuna mtu anakiona hufuatwa

Kuna chombo kilitoka Dunia Septemba 5, 1977 na mpaka leo hakijawahi simama. Kinaitwa Voyager 1, na hakuna kitu kingine kimetengenezwa na mkono wa binadamu kimefika mbali hivyo: zaidi ya kilomita bilioni 25 kutoka hapa. Darubini haiwezi kukiona. Hakina GPS, na huko nje hakuna setilaiti ya kukimulika. Na bado, ukiuliza wasee wa NASA kiko wapi saa hii, watakupa jibu lenye namba. Sasa wanajua aje?

Namba za haraka

- Kilirushwa: Cape Canaveral, Florida, Marekani. Pacha wake, Voyager 2, alitangulia Agosti 20, 1977.
- Kasi: kilomita 17 hivi kwa sekunde. Hiyo ni Nairobi hadi Mombasa kwa nusu dakika, bila kusimama Mtito Andei.
- Kinaelekea: upande wa kundi la nyota linaloitwa Ophiuchus.
- Kilivuka mpaka wa upepo wa Jua: Agosti 25, 2012.
- Spidi ya kutuma data: biti 160 kwa sekunde. Picha moja ya MB 2 ingechukua zaidi ya siku nzima kufika.

Kilipata aje hiyo kasi?

Roketi ilikitoa Dunia, lakini nguvu ya kuhepa mvutano wa Jua kabisa ilitokana na kudandia sayari. Machi 5, 1979 kilipita karibu na Jupiter. Hiyo sayari yenyewe inakimbia kuzunguka Jua, so mvutano wake ulikibeba Voyager na kukirusha mbele kikiwa na mbio kuliko zile kilikuja nazo. Novemba 12, 1980 kikafika Saturn, na hapo wanasayansi wakataka kipite karibu na mwezi wake mkubwa, Titan. Walipata walichotaka, ila kilikuwa na bei: njia ilipindwa, chombo kikatoka kwa ile "meza" ambayo sayari zote huzungukia, kikaanza kupanda upande wa kaskazini. Sayari zingine zikaachiwa Voyager 2.

Tangu hapo kinateleza tu. Hakina injini kubwa ya kukisukuma, na hiyo ndio inasaidia: kitu ambacho hakipigi kona ni rahisi kukipigia hesabu.

Njia tatu za kukifuata

Ya kwanza ni muda. Mawimbi ya redio hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Tuma ishara, ngoja jibu, hesabu saa, na umbali utautoa hapo. Kwa sasa ishara inachukua zaidi ya saa 23 kwenda pekee. Ukituma "niaje" Jumatatu saa mbili asubuhi, inafika Jumanne saa moja asubuhi. "Poa" yako utaipata Jumatano saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hesabu ya NASA, Novemba 2026 ndio mwezi wa kugonga saa 24 kamili, yaani siku nzima ya mwanga. Hakuna chombo kingine kimewahi fika hapo.

Ya pili ni mlio. Umeshacheki vile king'ora cha ambulensi hubadilika ikikupita Thika Road? Ikija mlio uko juu, ikiishia unashuka. Mawimbi ya redio yako hivyo tu. Voyager ikizidi kwenda, masafa ya ishara yake yanafika hapa yakiwa chini kidogo kuliko vile yalitumwa. Wakipima huo upungufu, wanajua kasi yake kwa umakini wa kutisha.

Ya tatu ni upande. Dunia inajizungusha, so stesheni inayosikiliza pia inasogea, na mlio unapanda na kushuka kidogo kila siku. Huo mpangilio unaonyesha ishara inatoka kona gani ya anga. Halafu Februari 2013, dishi za mtandao wa VLBA, zilizosambaa kutoka Hawaii hadi Karibiani, ziliunganishwa zikanasa mawimbi ya Voyager 1. Kwa picha ya redio ilitokea kama kadoti kadogo.

Kazi ya kila siku ya kusikiliza inafanywa na vituo vitatu: Goldstone huko California, Madrid huko Uhispania na Canberra huko Australia. Vimepangwa hivyo ndio Dunia ikigeuka, kimoja kikipoteza upande wa chombo kingine kinauchukua. Dishi kubwa huko lina upana wa mita 70. Lazima liwe kubwa, juu Voyager inatuma kwa nguvu ya wati 23 hivi, kama balbu ndogo ya keja. Ikifika hapa, kilichobaki hakifikii hata sehemu moja ya trilioni ya wati moja.

Kwa nini saa zingine umbali unapungua?

Ukiangalia namba za NASA miezi fulani utashtuka: Voyager inakaribia! Tulia, haijageuka. Dunia inazunguka Jua kwa kilomita 30 hivi kwa sekunde, mbio kuliko Voyager. Kuna miezi kila mwaka tunakimbia upande wake, tunaifikia kidogo, halafu tunageuka na inatuacha tena. Umbali wake kutoka Jua ndio haurudi nyuma.

Imetoka kwa mfumo wa Jua ama bado?

Hapa watu hubishana sana. Jua hupuliza upepo wa chembe ambao umetengeneza kiputo kikubwa kutuzunguka. Voyager 1 ilitoka kwa hicho kiputo Agosti 2012, lakini kuthibitisha ilikuwa ngori kwa sababu mtambo wake wa kupima hizo chembe uliharibika 1980. Bahati ikaja: Jua lilikuwa limelipuka Machi 2012, na mtikisiko wake ukafikia chombo mwaka uliofuata. Antena za Voyager zikanasa mtetemo, na timu ya Don Gurnett wa Chuo Kikuu cha Iowa ikatoa jibu kwa huo mtetemo: huko nje chembe zimesongamana mara 40 hivi kuliko ndani ya kiputo. NASA ikatangaza Septemba 2013.

Lakini mvutano wa Jua unafika mbali zaidi, mpaka kwa wingu la mawe ya barafu linaloitwa Oort. Kufika tu mwanzo wa hilo wingu itachukua karibu miaka 300. So imetoka kwa upepo wa Jua, lakini kwa ploti ya Jua bado iko ndani.

Ikipotea inakuwaje?

Stori ya pacha wake inaonyesha vile kamba ni nyembamba. Julai 21, 2023 amri yenye makosa ilifanya antena ya Voyager 2 iangalie kando kwa digrii 2. Digrii 2 tu, na ikawa mteja. Walijua iko wapi, lakini haikuwa inawasikia vizuri. Canberra ikapiga "kelele", ishara kali ya kuiambia igeuke, wakangoja saa 37 kwenda na kurudi. Agosti 4 ikajibu.

Voyager 1 nayo, kutoka Novemba 2023, ilituma upuzi usiosomeka kwa miezi 5 sababu ya chipu moja ya memori. Ishara ilikuwa inafika, maana haina. Mainjinia walihamisha programu kwa sehemu zingine za memori, na Aprili 2024 ikarudi kuongea.

Stima inaisha

Chombo kinapata umeme kutokana na joto la plutoniamu, na kila mwaka kinapoteza wati 4 hivi. Ndio maana mitambo inazimwa mmoja mmoja. Kamera zilizimwa 1990, na Februari 2025 ukazimwa mtambo wa kupima miale ya kozmiki. Iko siku hata ya kutuma ishara haitabaki.

Mfano tuko nao. Pioneer 10, iliyorushwa 1972, ilisikika mara ya mwisho Januari 23, 2003. Na kabla inyamaze ilikuwa imewapa wanasayansi kibarua: yeye na mwenzake Pioneer 11 walikuwa wanapunguza mwendo kidogo kuliko hesabu ilivyosema. Ilichukua mpaka 2012 kukubaliana kwamba joto la vyombo vyenyewe, likitoka zaidi upande mmoja, ndilo lilikuwa linavisukuma. Kitu kidogo hivyo kilionekana tu kwa sababu kuna mtu alikuwa bado anasikiliza.

Voyager 1 ikinyamaza, njia yake itabaki kwa karatasi. Hesabu zinasema baada ya miaka 40,000 hivi itapita nyota ya Gliese 445, chini ya miaka 2 ya mwanga kutoka hapo. Itakuwa bado imebeba ile diski ya dhahabu yenye salamu kwa lugha 55. Kiganda kimo. Kiswahili, manze, hakimo.

Ukitaka kuicheki

Tovuti ya NASA ina kaunta ya umbali wa Voyager zote mbili, na ukurasa mwingine unaoonyesha ni dishi gani linaongea na chombo gani saa hiyo. Ukiwa Nairobi, Julai ama Agosti, toka nje kati ya saa mbili na saa nne usiku, angalia juu kabisa, kidogo upande wa kaskazini. Hutaona kitu, lakini ndio upande wenyewe.