Chumvi ya Kibiro na Historia ya Bunyoro

Sisi wanafunzi wa historia hapa Kampala tukitajiwa Bunyoro, tunamkumbuka Omukama Kabalega: vita vyake na Waingereza, kukamatwa kwake mwaka 1899, uhamisho wake Ushelisheli. Sipingi umuhimu wake. Lakini naona kwamba kijiji kidogo cha Kibiro, kwenye ufuo wa Ziwa Albert wilayani Hoima, kinatueleza jambo ambalo orodha ya wafalme haiwezi kutueleza.

Kibiro kimebanwa kati ya ziwa na mteremko mkali wa Bonde la Ufa. Ardhi yake ni kame na mazao hayastawi. Kilichowaweka watu pale ni chemchemi za maji moto yenye chumvi. Kwa karne nyingi walipanda mlima wakiwa na chumvi na samaki, wakarudi na chakula.

Watengenezaji ni wanawake. Mwanamke hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi iliyolowa maji ya chumvi. Jua linapowaka, unyevu hupanda na kuacha chumvi katika udongo ule. Kisha huukwangua, huutia katika chombo chenye matundu chini na kuumwagia maji. Maji yanayochuruzika huchemshwa kwa kuni mpaka ibaki chumvi. Udongo uliochujwa hautupwi. Hurudishwa shambani kutandazwa tena. Ndiyo maana mashamba haya hayakuchakaa, na ni ufundi ambao, kwa maoni yangu, unastahili kuitwa sayansi. Mvua ikinyesha, kazi husimama.

Mashamba yenyewe hurithiwa kwa upande wa kike, mama kwa binti. Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mtu anaweza kusema kwamba chumvi ina nafasi katika historia kwa sababu tu ilimtajirisha mfalme. Ni kweli kwamba ilimtajirisha, na maadui zake walilijua hilo. Mwaka 1891 Lugard aliteka Katwe, chanzo kingine kikubwa cha chumvi, akajenga ngome. Miaka michache baadaye, katika vita dhidi ya Kabalega, Waingereza waliweka ngome Kibiro pia. Lakini mfalme aliweza kuichukua chumvi, hakuweza kuitengeneza. Kabalega alipelekwa uhamishoni, na wanawake wa Kibiro wakaendelea kutandaza udongo.

Ushahidi wa kazi yao haukuwa katika maandishi. Emin Pasha alifika Kibiro kwa meli miaka ya 1880 na kueleza alichokiona, lakini wakati huo kazi ilikuwa ya kale tayari. Karibu na mwaka 1990 mwanaakiolojia Graham Connah alichimba kijijini na kukuta matabaka mazito yenye vigae vingi vya vyungu, yanayoonyesha kwamba watu wametengeneza chumvi pale kwa miaka 700 au zaidi. Vyungu vilivyovunjika jikoni vimetunza kumbukumbu ambayo hakuna karani aliyeiandika.

Mwaka 1997 Uganda iliweka Kibiro katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Siku hizi chumvi ya pakiti iliyo madukani Kampala hutoka zaidi Kenya, nayo mafuta yaliyogunduliwa katika bonde hilo yameipa ardhi ya ufuoni thamani mpya. Binti atakayerithi shamba la mama yake atahitaji kuthibitisha kwamba ni lake, na ushahidi alio nao ni ule udongo.