Kenya: Kwa nini watazamaji huvichoka vipindi walivyovipenda?

Kipindi cha televisheni kilichosubiriwa kwa hamu kila wiki kinaweza, baada ya miaka michache, kuonyeshwa sebuleni bila yeyote kukiinulia macho. Hali hiyo huzikumba nchi zote zenye televisheni. Nchini Kenya, ambako vichekesho na tamthilia za Kiswahili zina historia ndefu, sababu zake zinaonekana waziwazi, na athari zake zimefika hadi kwenye lugha yenyewe.

Zama za kituo kimoja

Matangazo ya televisheni yalianza Kenya mwaka 1962. Mwaka 1964, baada ya uhuru, serikali ililitwaa shirika la utangazaji na kulipa jina la Sauti ya Kenya. Mwaka 1989 shirika hilo likawa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Kwa karibu miongo mitatu, nyumba iliyobahatika kuwa na televisheni ilikuwa na kituo kimoja tu cha kutazama.

Katika zama hizo ndipo vilipopata umaarufu vichekesho viwili ambavyo Wakenya wengi huvitaja kwanza. Vioja Mahakamani kiliweka mzaha ndani ya chumba cha mahakama, ambamo mshtakiwa hubishana na mwendesha mashtaka huku hakimu akijaribu kulinda heshima ya kiti chake. Vitimbi kilifuata vituko vya Mzee Ojwang, aliyeigizwa na Benson Wanjau, na mkewe Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere. Lugha yao ilikuwa Kiswahili, chenye lafudhi za jamii mbalimbali za Kenya, na lafudhi hizo zilikuwa sehemu kubwa ya kichekesho.

Watazamaji walivipenda kwa dhati, lakini mapenzi hayo yalikuwa na nguzo mbili zisizohusiana na ubora wa vipindi: hapakuwa na chaguo jingine, na watu walitazama pamoja. Televisheni zilikuwa chache, majirani wakikusanyika kwa mwenye nayo. Aliyekosa kipindi hakukosa mchezo tu. Alikosa pia mazungumzo ya kesho yake.

Milango ilipofunguka

Nguzo ya kwanza ilianza kuyumba mwaka 1990, KTN ilipoanza kurusha matangazo jijini Nairobi kikiwa kituo cha kwanza cha binafsi. Vingine vikafuata. Zikaja tamthilia za Amerika ya Kusini na Mexico, zilizoingizwa sauti za Kiingereza, zenye mapenzi, usaliti na urithi uliofichwa. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na ugeni wenyewe ulikuwa kivutio.

Mwaka 2015 Kenya ilizima mitambo ya analojia na kuhamia dijitali. King'amuzi kimoja kikaleta vituo vingi ndani ya nyumba, kisha simu ya mkononi ikamwezesha kila mtu kutazama chake, kwa wakati wake. Nguzo ya pili nayo ikalegea. Kipindi ambacho zamani kiliwakalisha baba, watoto na jirani kwenye mkeka mmoja kikawa kimoja kati ya mamia, kikigombea macho ya mtu mmoja mmoja.

Hapa ndipo penye jambo ambalo mara nyingi husahaulika. Mtazamaji husema kipindi kimepoteza ladha, ilhali pengine kilichopotea ni ule ushirika uliokizunguka. Akikitazama tena peke yake, huona maungo yake: mzaha ule ule, mapigo yale yale, mwisho unaotabirika.

Kipindi kinapobadilika

Si kila lawama iwekwe kwa teknolojia. Wakati mwingine kipindi chenyewe huharibika. Wamarekani wana msemo, "kumruka papa", unaotokana na kipindi cha Happy Days. Mwaka 1977 mhusika wake maarufu, Fonzie, aliteleza juu ya maji na kuruka juu ya papa. Tangu hapo tukio hilo limekuwa mfano wa waandishi walioishiwa na mawazo na kukimbilia vituko. Hata hivyo, Happy Days, kilichoanza mwaka 1974, hakikumalizika hadi 1984. Kwa hiyo kilidumu miaka mingi baada ya kuruka kwa Fonzie. Watazamaji hawaondoki wote kwa siku moja. Huondoka polepole, mmoja baada ya mwingine.

Mfano wa karibu zaidi ni The Walking Dead, pia cha Marekani. Oktoba 2014, sehemu iliyofungua msimu wake wa tano ilitazamwa nchini humo na watu zaidi ya milioni 17. Sehemu ya mwisho kabisa, Novemba 2022, ilivuta takriban milioni 2.3 siku iliporushwa, ingawa baadhi ya watazamaji walikuwa wamehamia kwenye intaneti. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Nchini Kenya tatizo mara nyingi limekuwa kinyume: si kubadilika mno, bali kumwegemea mtu mmoja. Papa Shirandula wa kituo cha Citizen, mlinzi aliyemficha mkewe kazi yake halisi, hakutenganika na mwigizaji Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020 baada ya kuambukizwa virusi vya korona. Benson Wanjau naye alifariki Julai 2015. Wahusika wa namna hiyo hawarithiwi kwa urahisi. Mtazamaji hukosa yule aliyekuwa akimsubiri, naye huzima televisheni.

Mtazamaji naye hubadilika

Umri pia hufanya kazi yake. Mtoto aliyecheka kwa sababu ya mavazi na mikogo hukua na kutaka hadithi yenye uzito. Kichekesho kinachotegemea lafudhi ya kabila fulani kinaweza kumchekesha mzee na kumkera kijana, anayekiona kama kejeli. Aliyekuwa na muda wa jioni sasa ana kazi, ada za shule na foleni ya matatu. Kumbe hakukichoka kipindi. Maisha yamemnyang'anya saa yake.

Kilichoponea lugha

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili, suala hili lina uzito zaidi ya burudani. Watazamaji walipohamia tamthilia za Kiingereza, lugha iliyosikika sebuleni jioni nayo ilibadilika. Ndiyo maana mwelekeo wa miaka ya karibuni unastahili kuangaliwa. Mwaka 2019 kituo cha Citizen kilianzisha Maria, tamthilia ya Kiswahili iliyorushwa siku za kazi, huku Yasmin Said akiigiza mhusika mkuu. Ilimalizika mwanzoni mwa 2021, ikafuatwa na Zora, kisha Sultana, yenye mandhari ya Pwani.

Tofauti na vichekesho vya zamani, visivyokuwa na mwisho uliopangwa, tamthilia hizi zimejengwa juu ya hadithi moja inayoelekea kikomo. Funzo hilo limetoka kwa zile zile za Amerika ya Kusini zilizowahi kuwapokonya watazamaji: mgeni mwema huaga kabla hajachokwa. Kiswahili kikarejea kwenye saa ya jioni, si kwa wito wa uzalendo, bali kwa sababu watu walitaka kujua kesho itakuwaje.

Uchovu wa kawaida na dalili ya ugonjwa

Kuchoka na kipindi kimoja, au hata vitatu, si jambo la kutia hofu. Lakini wataalamu wa afya ya akili hutofautisha hali hiyo na nyingine. Mtu anapopoteza hamu ya karibu kila kitu alichokipenda, si televisheni pekee bali pia mpira, kwaya, chakula na maongezi na wenzake, na hali hiyo ikadumu kwa sehemu kubwa ya siku kwa wiki mbili au zaidi, hiyo huhesabiwa miongoni mwa dalili kuu za sonona. Mara nyingi huambatana na usingizi uliovurugika, uchovu wa mwili na kujiona hana thamani. Sonona hutibika, na hatua ya kwanza ni kwenda kituo cha afya. Ndugu na majirani husaidia zaidi wanapomuuliza mtu kwa upole kuliko wanapomshutumu kwa uvivu au maringo.

Kwa aliyechoka kipindi tu, dawa ni nyepesi: kukiacha bila majuto. Vioja Mahakamani sasa hupatikana pia kwenye YouTube, na huko wapo watazamaji wanaokirudia baada ya miaka mingi. Wengine huvumilia dakika tano. Wengine humwita mtoto aje aone babu yake alikuwa akicheka nini, na pale wanapokaa wawili mbele ya kioo kimoja, kipindi hupata tena sehemu ya kile kilichokifanya kipendwe.