Kiingiacho na Kitokacho

Ewe msomaji, wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili wanalijua sana wafanyabiashara, lakini utaona hapa kwamba linawahusu pia wataalamu wa mitambo, kwa maana hata maji na hewa vina daftari lake.

Katika mwaka 1628 mtawa wa Italia, Benedetto Castelli, mwanafunzi wa Galileo, alichapisha kitabu juu ya kuyapima maji yaendayo. Alieleza kwamba mto usiobadilika hupitisha kiasi kilekile cha maji, kwa muda uleule, katika kila sehemu yake: penye upana maji huenda polepole, na penye wembamba huenda mbio. Mwaka 1757 Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, aliiandika kanuni hiyo kwa milinganyo.

Je, kanuni ikiisha kujulikana, hesabu yaweza kukosea? Naam, tena kosa kubwa. Mwingereza Lewis Fry Richardson alikataa kushika silaha katika Vita Kuu ya Kwanza, akaendesha gari la majeruhi nchini Ufaransa. Huko alikokotoa kwa mkono mabadiliko ya hewa ya Ulaya ya kati tarehe 20 Mei, 1910, siku iliyokwisha kupita, apate kulinganisha jawabu lake na yaliyotukia. Jawabu lilisema kwamba mkandamizo wa hewa ungepanda kwa milibari 145 katika saa 6. Kumbe siku ile haukubadilika ila kidogo mno! Hata hivyo Richardson hakulificha jawabu hilo. Alilitia katika kitabu chake cha mwaka 1922.

Kosa lilikuwa wapi? Fikiri kwamba mkandamizo wa hewa ni uzito wa hewa iliyo juu yetu. Hewa nyingi huingia upande mmoja wa nchi, na karibu yote hutoka upande wa pili; tofauti iliyopo ni ndogo sana. Vipimo vya upepo alivyoanza navyo havikuwa na ulinganifu, basi kasoro ndogo ikarundika katika daftari hewa isiyokuwako. Miaka mingi baadaye, Peter Lynch wa Ireland alivilainisha vipimo vilevile kabla ya kuanza hesabu, na badiliko likawa pungufu ya milibari 1.

Hesabu za turbini, yaani mitambo izungushwayo kwa maji, mvuke au gesi, zina hatari iyo hiyo. Mwaka 1972 Suhas Patankar na Brian Spalding walichapisha njia ya kuikabili. Nafasi yote hugawanywa katika vyumba vidogo. Kompyuta hukisia mkandamizo, hukokotoa mwendo, kisha hukagua kila chumba; kikionekana kina ziada au upungufu, mkandamizo husahihishwa, na hesabu hurudiwa hata daftari lilingane.

Sasa chukua turbini ya mvuke, kama zile zilizoanza kuzalisha umeme Olkaria mwaka 1981. Tuseme kompyuta yaonyesha kilo 20 zikiingia kila sekunde na kilo 19 zikitoka, hali mwendo umetulia. Kilo moja imekwenda wapi? Mkaguzi mwema hutazama kwanza kama hesabu imerudiwa vya kutosha. Kisha hukagua masharti yaliyowekwa kwenye mwingilio na mtokeo. Halafu hutazama vyumba vilivyo karibu na mapanga, visije vikawa vimepotoka umbo. Mwisho huchungua mpaka wa sehemu isimamayo na sehemu izungukayo, kwani hapo kiasi chaweza kupotea kikipokezwa kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Lakini asithubutu kuongeza kilo ya uongo kwenye mtokeo ili hesabu ipendeze. Turbini itakayoundwa kwa chuma haitausoma uongo ule. Itazunguka kwa mvuke uliopo tu. Nawe, msomaji, likikujia jawabu lisiloingia akilini, fanya kama Richardson: liweke wazi, ili mwenye kuja nyuma yako apate mahali pa kuanzia.